Mito Mitatu Iuzaayo Rufiji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na watu wa parokia, siku ya pili ya mkutano wa jubilei)



Waliopanga mkutano huu waligawanya kazi. Mmoja aliambiwa aeleze habari za kengele na kanisa la zamani, mwingine habari za shule, na mimi nikaachiwa mito. Kwanza nalidhani ni mzaha. Lakini nilipoketi na kufikiri, naliona neno hili si dogo. Hapa tulipo hakuna nyumba isiyokula wali wa bonde, wala hakuna mtu aliyekuja leo pasipo kuvuka maji. Basi nisikilizeni kidogo, nami nitajaribu kuwaeleza mto Rufiji wazaliwa na mito gani, na kila mmoja waleta nini.

Naomba nianze na habari yangu mwenyewe. Nalipokuwa katika darasa la nne, mwalimu wetu alituuliza, “Katika mito iingiayo Rufiji, upi ni mkubwa?” Mimi nalizaliwa karibu na Kilombero, mto mwingine sikupata kuuona. Nikainua mkono, nikasema, “Ni Kilombero, mwalimu.” Darasa zima likacheka, maana kitabuni iliandikwa Ruaha Mkuu, na jina lenyewe latosha kumjibu mtu. Mwalimu akanisimamisha pembeni mpaka kengele ilipolia. Simchukii kwa hayo. Alikuwa mtu mwema, na mwandiko wangu ni kazi yake. Lakini jambo lile limenikaa moyoni zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipopata kitabu au ramani nalitafuta nijue ni nani kati yetu aliyesema kweli. Kumbe sote wawili twalisema kweli, ila kila mtu alikuwa na kipimo chake.

Tazameni ramani niliyoitundika. Upande wa kaskazini, huu mrefu uliopinda kama upinde, ni Ruaha Mkuu. Katikati ni Kilombero wetu, ambao ramani za zamani huuita Ulanga. Upande wa kusini ni Luwegu. Kilombero na Luwegu hukutana penye maporomoko ya Shughuli, na tangu hapo maji yale hubadili jina, huitwa Rufiji. Rufiji ukisha kwenda mbele, Ruaha huingia kutoka mkono wa kushoto. Kisha maji ya mito yote mitatu hupita katika korongo jembamba kati ya vilima, hutokea katika nchi tambarare, hujigawanya katika midomo mingi yenye mikoko, na kumwagika baharini kuelekea kisiwa cha Mafia.

Nchi yote ambayo mvua yake huishia Rufiji ni kama kilometa za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Tuigawe nchi hiyo vipande 100. Vipande 47 ni vya Ruaha, 23 vya Kilombero, 15 vya Luwegu, na 15 vilivyobaki ni vya Rufiji wenyewe na vijito vyake vya chini. Hapo mwalimu wangu alisema kweli. Sasa tupime maji, tuyatie katika madebe. Katika kila madebe 100 yapitayo mtoni kwa mwaka, 62 huletwa na Kilombero, 18 na Luwegu, 15 tu na Ruaha, na 5 na vile vijito vya chini. Na hapo nami nalisema kweli.

Walimu, naomba hesabu hiyo muitazame tena. Mto wenye karibu nusu ya nchi waleta madebe 15. Mto wenye chini ya robo ya nchi waleta 62. Sababu yake ni mvua, na milima iikamatayo. Upepo wa baharini huja na unyevu wake, hukuta milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, hupanda, hupoa, na kumwaga mzigo wake upande wetu. Mahali pengine pa mteremko ule hunyesha hata milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukisha kuvuka ng'ambo kuelekea Mtera na Dodoma, hauna kitu mkononi. Nchi ya huko ni ya mibuyu na miiba, na mvua yake ni kama robo ya ile ya milimani kwetu. Ndiyo maana Ruaha una nchi pana na maji machache.

Lakini msidhani Ruaha ni mto wa kudharauliwa. Jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto tu, kana kwamba mito mingine si mito. Watoka katika milima ya Uporoto na Kipengere, huko Mbeya na Njombe, ambako mvua si haba. Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera yashuka kutoka milimani na kuingia katika uwanda wa Usangu. Katika uwanda ule maji hutulia, hutanda, hufanya kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Na mahali yatokapo katika Ihefu ndipo penye siri ya mto huu wote. Hapo huitwa Ng'iriama. Pana mwamba uliolala kukingama mto, kama kizingiti cha mlango. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha hutiririka. Yakishuka chini yake, hata shibiri moja, hakuna tone litokalo, ijapokuwa nyuma ya mwamba yako maji ya kutosha kuogelea viboko. Ni kama birika: likiwa nusu, limejaa chai, lakini usipoliinamisha halimimini. Na kinamasi nani atakiinamisha?

Tangu mwaka 1993 jambo hilo limetokea karibu kila kiangazi. Zamani Ruaha ulipungua, lakini ulitembea mwaka mzima. Miaka ya kwanza ulisimama kwa majuma machache, halafu kwa miezi. Mimi naliona kwa macho yangu mwezi wa Oktoba, nilipokwenda na walimu wenzangu katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Twalisimama ukingoni tukatafuta mto. Palikuwa na mchanga mweupe, mpana kama kiwanja cha mpira mara kadhaa, na nyayo za tembo waliochimba kwa miguu na mikonga wapate maji ya chini. Mbele kidogo palikuwa na dimbwi moja la rangi ya kijani, na viboko wamejazana humo mgongo kwa mgongo, wakitiana meno. Harufu yake sitaieleza, maana chakula chaandaliwa. Mwalimu mmoja wa kwetu, aliyezoea Kilombero, aliniuliza, “Huu ndio ule Mkuu?” Sikuwa na la kumjibu, wala sikufurahi kwa kuwa nalishinda ubishi wa darasa la nne.

Nani aliufunga Ruaha? Hapa ndipo watu walipogombana sana, na ningependa tuseme kwa uangalifu. Wengine walisema ni wafugaji na ng'ombe wao. Wengine walisema ni mashamba makubwa ya mpunga, kama Mbarali na Kapunga. Wengine wakawataja wakulima wadogo na mifereji yao. Kweli ni kwamba mifereji iliongezeka mwaka baada ya mwaka, na mpunga wa Usangu ni mwema, umelisha miji mingi mpaka Dar es Salaam. Hakuna mkulima hata mmoja aliyekusudia kuua mto. Kila mtu alifungua mlango wake mdogo. Neno lililoleta hasara kubwa ni kwamba hata mpunga ulipokwisha kuvunwa, milango ile haikufungwa. Maji yakaendelea kuingia mashambani wakati wa jua kali, yakatanda bila kazi, yakapanda juu kuwa mvuke. Maji machache ya kiangazi ndiyo yashikayo kinamasi juu ya kile kizingiti. Yakipotea hayo, mto wasimama.

Basi watu wakaamuriwa kuhama. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 nchi ya Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Frederick Sumaye aliyekuwa Waziri Mkuu alitangaza kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ukaja, ukapita, na mchanga ungali mchanga kila kiangazi.

Tena ulikuwako ugomvi wa umeme. Chini ya Hifadhi, Ruaha hupokea Kisigo kutoka upande wa Singida na Ruaha Mdogo kutoka Iringa, na hapo limejengwa bwawa la Mtera, lililokwisha mwaka 1980, ili kulisaidia lile la Kidatu lililoanza kutoa umeme mwaka 1975. Miaka ya 1990 umeme ulipokatwa kwa zamu mijini, lawama zote zilitupwa Usangu. Lakini wako wataalamu waliokaa chini wakapiga hesabu, wakaona kwamba Mtera hujazwa na maji ya masika, si yale machache ya kiangazi. Na kwamba namna maji yalivyofunguliwa bwawani nayo ilikuwa na sehemu yake katika upungufu ule. Mimi naamini hesabu yao. Tembo na viboko walikosa maji kwa sababu ya mifereji. Taa za mjini zilikuwa na sababu nyingine pamoja nayo. Mtu asiyejua mto wafanya nini mwezi gani huweza kumtoza jirani deni lisilo lake.

Neno moja dogo kabla ya kuuacha Ruaha. Kile kiwanda cha sukari kiitwacho Kilombero, mashamba yake ya miwa hunyweshwa na Ruaha, pale chini ya Kidatu. Watoto wetu wote wadhani sukari ile ni ya maji yetu. Waambieni kweli, ila wasiache kuila.

Sasa twaja nyumbani. Kilombero hauna chemchemi moja ambayo mtu aweza kusimama juu yake akasema mto waanzia hapa. Ruhudji, Mnyera na Mpanga yashuka kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi, yakutana bondeni, ndipo mto uitwao Kilombero uanzapo. Halafu kutoka Udzungwa zaja maji nyingine nyingi: Kihansi, Ruipa, Lumemo upitao Ifakara, na vijito ambavyo majina yake wayajua wale tu wavivukao kwenda shambani. Kutoka upande wa Mahenge waja Furua. Wakati wa masika mito hii yote hufika pamoja, na bonde huwa ziwa. Walio wazee hapa wakumbuka kusafiri kwa mtumbwi juu ya mashamba yao wenyewe. Nanyi nyote mwaikumbuka pantoni. Mimi mara moja nalilala ng'ambo siku tatu nikiwa na vitabu vya katekisimu mgongoni na unga wa siku moja. Mwezi wa Januari 2016 pantoni ilizama, na watu wetu walipotea. Mwaka 2018 daraja likafunguliwa, na leo mtoto hupita juu ya maji yale akiwa amelala katika basi, asijue amevuka nini.

Kihansi ni mto mdogo, lakini una kisa. Waanguka kutoka juu ya milima kiasi cha mita 800 na zaidi, na tangu mwaka 2000 maji yake huendesha mitambo ya umeme. Chini ya maporomoko, katika mahali padogo palipoloweshwa mchana na usiku na manyunyu yale, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko ncha ya kidole gumba, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, wala wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1996. Maji yalipogeuzwa kwenda mitamboni, manyunyu yalipungua. Vyura karibu 500 walichukuliwa kwa ndege wakalelewe Marekani, na huku nyuma wenzao wakafa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hakuna hata mmoja. Wakafanywa manyunyu kwa mabomba, na mwaka 2012 baadhi ya wazao wa wale 500 wakarudishwa Kihansi. Watu wengine hucheka wasikiapo habari hii, kwamba chura apanda ndege na katekista aenda kwa miguu. Nami nalicheka. Lakini hapo naliona jinsi kijito kimoja kilivyobeba kitu ambacho hakuna aliyejua kinabebwa.

Turudi bondeni. Nimewaambia kwamba wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Walikwenda wapi? Si wote, lakini baadhi yao walikuja na ng'ombe wao hapa kwetu. Ninyi mliwaona wakipita. Na mwaka 2012 ikaja amri nyingine, mifugo ikaondolewa katika bonde la Kilombero. Hivyo watu wale wale walifukuzwa kwenye mto mmoja, wakafukuzwa na kwenye mwingine. Shida ya Ruaha haikwisha. Ilihama kwa miguu, ikafuata majani mabichi.

Wala sisi wenyeji tusinyooshe kidole. Mimi nina shamba la ekari mbili la mpunga. Nilipolianza palikuwa matete matupu, na sheshe walilala humo asubuhi. Sheshe ni swala wa kinamasi. Hapo zamani bonde hili lilikuwa na wengi kupita mahali pengi katika Afrika. Nalifyeka, nikachoma, nikachimba mfereji wa kuleta maji kutoka kijitoni. Jirani yangu akachimba wake juu yangu, na mwingine juu yake. Kiangazi kilichopita nalikwenda kuchota maji pale nilipozoea, nikakuta kijito kimekatika mabwawa mabwawa, na samaki wadogo wakihema. Nalipanda kukifuata hadi mfereji wa tatu, nimejaa hasira, tayari kugombana. Nilipofika nalikumbuka kwamba wangu niliuacha wazi tangu Juni, na mpunga nalikwisha kuvuna. Nikarudi kimya. Mfereji niliufunga jioni ile kwa magunia ya mchanga. Jirani aliponiuliza sababu nalimweleza, naye akasema atafikiri. Mpaka leo afikiri.

Msinisikie vibaya. Sisemi tusilime, nani angewalisha watoto wetu? Nasema kwamba kile cha Usangu hakikuanza kwa jambo kubwa. Na tofauti yetu na Usangu ni hii: wao walikuwa na madebe 15, sisi tuna 62.

Habari za Luwegu ni fupi. Waanza upande wa Songea, wapokea Mbarangandu, wapita katika misitu ya miombo na mchanga mpaka Shughuli. Zamani walikuwako watu wengi zaidi katika nchi ile. Wakati wa ukoloni walihamishwa, nchi ikaachiwa wanyama, ikawa pori la akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa kuwa hakuna mji wala shamba kubwa kando yake, hakuna agombaniaye Luwegu, na vitabu huupita kwa mstari mmoja. Nami nafanya hivyo hivyo, ijapokuwa madebe yake 18 yazidi yale ya Ruaha.

Na sasa maji yote yamekutana. Katika lile korongo jembamba limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa mwezi wa Desemba 2022, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Mitambo ni tisa, na nguvu yake yote ni megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Sasa rudini kwenye madebe. Maji yatakayoizungusha mitambo hiyo, zaidi ya nusu yake yapita mbele ya nyumba zetu.

Chini ya bwawa wako ndugu zetu Warufiji, na ningekuwa mchoyo kama nisingewataja. Wao tangu zamani hulima mlao, yaani hungoja gharika ipungue, hupanda katika tope jipya lililoachwa na mto, bila mbolea na mara nyingine bila mvua. Tope lile ni udongo wa Njombe, wa Mahenge na wa Iringa, ulioletwa na mito yetu mitatu. Gharika ni baba mkali kwao: huwapa shamba na huwachukulia nyumba. Mwaka 2024 maji yalifurika Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikazama, na watu wengi wakauliza bwawa lilisaidia au lilizidisha. Lakini ziko sehemu mbili za swali lao. Bwawa hushika maji, kisha huyaachia. Tope nalo hutua chini likakaa, maana tope halipiti katika mtambo kwa wingi kama lilivyopita mtoni. Mzee wa mlao, na mvuvi wa kamba kule penye mikoko, wataona tofauti hiyo polepole, katika shina la mhindi na katika uzito wa wavu, kabla ya mtu wa ofisini kuiandika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Ramani nitaiacha ukutani mpaka Jumapili. Mwalimu atakaye kuinakili aje na karatasi pana, kwa maana nalijaribu mara mbili katika karatasi ya daftari, na mara zote mbili Ruaha haukuenea.